Chupa tupu: mali yenye masharti

Katika miji ya Kongo, chupa tupu si takataka. Mtu akienda dukani kununua Primus au Fanta ya chupa, anaulizwa kwanza: chupa tupu iko wapi? Kama hana, analipa pesa ya chupa juu ya bei ya kinywaji. Kama anayo, inaangaliwa kabla ya kupokelewa.

Desturi hiyo ina historia. Brasserie de Léopoldville, iliyokuja kuitwa Bralima, ilianzishwa mwaka 1923, na Primus ya kwanza ikatoka mwisho wa 1926. Wakati ule kioo cha kutoka Ulaya kilipita kwa meli hadi Matadi, kisha kwa reli iliyomalizika mwaka 1898. Kutupa chupa moja ilikuwa kutupa gharama ya safari hiyo yote. Baadaye Kinshasa ikapata kiwanda chake cha chupa, Boukin, lakini Kivu ikabaki mbali, bila barabara nzuri ya kuiunganisha na mji mkuu.

Sharti la kwanza ni mdomo. Kizibo cha chuma chenye meno, alichobuni William Painter huko Baltimore, Marekani, mwaka 1892, kinabana ukingo wa kioo. Ukingo ukimeguka hata kidogo, gesi inatoka, na kipande kinaweza kuingia ndani ya kinywaji. La pili, chupa isiwe na ufa: kiwandani inaoshwa kwa maji ya moto na soda kali, kisha inajazwa kwa nguvu ya gesi, na yenye ufa inapasuka. La tatu, isiwe imetiwa petroli wala rangi. La nne, iwe ya aina ileile. Ya kiwanda kingine haibadilishwi.

Kwa mama mwenye duka ndogo, haya yote ni kapitali. Bila kaziye tupu, depo haimpi mzigo mpya mpaka alipe pesa ya chupa upya. Vita vikija, anayekimbia anabeba watoto, godoro na sufuria. Kaziye zinabaki nyuma, na akirudi mara nyingi anakuta vipande.

Mwaka 2025 vita vilifika Goma mwezi wa kwanza na Bukavu mwezi wa pili. Mwezi wa sita, Heineken, wakati huo wenye Bralima, walitangaza kwamba wameondoa wafanyakazi wao huko, kwa kuwa watu wenye silaha walishika majengo yao. Depo ikifungwa, hata chupa nzima na safi inakosa pa kubadilishwa, na wengi wanaona heri waitie petroli ya taa.

Hapo ndipo hasara inakuwa ya mwisho. Chupa iliyotunzwa tupu, safi, mdomo wake mzima, bado inaweza kuwa pesa siku kazi itakaporudi. Iliyotiwa petroli imeshaanguka kwenye sharti la tatu.