Unyayo wa kaboni wa simu yako

Video moja ikichezwa kwenye simu, umeme hutumika katika sehemu tatu: kwenye simu yenyewe, kwenye mitambo inayosafirisha data, yaani minara na nyaya za ardhini na baharini, na kwenye kituo cha data ambako video imehifadhiwa. Umeme huo ukizalishwa kwa makaa ya mawe, gesi au dizeli, hewa ukaa hupanda angani. Jumla ya hewa hiyo, pamoja na gesijoto nyingine zilizogeuzwa kuwa kipimo kimoja, ndiyo ambayo Waingereza huiita carbon footprint. Kwetu imeanza kuzoeleka kama unyayo wa kaboni.

Tafsiri hii ina washindani. Wapo wanaoandika alama ya kaboni, na wapo wanaoandika nyayo za kaboni. Mimi nasimama na unyayo, tena kwa umoja. Alama zina sifa nzuri mno: mwanafunzi mwenye alama kubwa amefaulu, na msomaji anayeharakisha akiona “kiwanda chenye alama kubwa ya kaboni” anaweza kudhani kinasifiwa. Nyayo nazo zina mzigo wake. Kufuata nyayo za mtu ni kumwiga mtangulizi mwema, na nchini Kenya neno hilo lilikuwa kaulimbiu ya kisiasa ya Daniel arap Moi, aliyeshika urais mwaka 1978. Unyayo mmoja hauna mzigo huo. Ni kipimo cha kitu kimoja: unyayo wa safari, unyayo wa simu, unyayo wa kituo cha data. Kuhusu kaboni, Watanzania wamezoea kusema hewa ukaa, neno zuri lenye undugu na makaa, nami nalitumia kwa gesi yenyewe. Kwa jina la kipimo nachagua kaboni, kwa kuwa hapo Mkenya na Mtanzania wanaelewana bila mkalimani.

Taswira ya unyayo ilianzia Kanada. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, William Rees na Mathis Wackernagel wa Chuo Kikuu cha British Columbia walianza kupima eneo la ardhi na maji linalohitajika kumlisha mtu na kupokea taka zake. Mwaka 2004 kampuni ya mafuta ya BP ikaeneza kikokotoo cha kumwezesha kila mtu kupima unyayo wake wa kaboni. Wengi wameilaumu kwa hilo, na wana haki: mchimba mafuta alimgeuzia kioo mnunuzi. Hata hivyo kipimo chenyewe kinafaa, ilimradi tuseme kinahesabiwa kuanzia wapi hadi wapi.

Hapo ndipo penye kasoro kubwa ya mazungumzo yetu. Mwaka 2019 taasisi ya Kifaransa, The Shift Project, ilinukuliwa ikisema kuwa nusu saa ya kutazama video mtandaoni hutoa kilo 1.6 za hewa ukaa. Takwimu hiyo ilizunguka dunia. Baadaye taasisi ikakiri kuwa biti na baiti zilichanganywa, na kwa kuwa baiti 1 ni biti 8, matokeo yalizidishwa mara 8. Shirika la Kimataifa la Nishati lilipofanya hesabu yake, lilipata takriban gramu 36 kwa saa nzima, na sehemu kubwa ya umeme uliotumika, kama asilimia 72, ilikuwa ya kifaa cha kutazamia. Televisheni ya inchi 50 hula umeme mara 100 hivi ya simu. Kwa hiyo kijana anayetazama mpira kwenye simu yake hana sababu ya kujilaumu sana.

Lakini hesabu hizo zinaanza pale kifaa kinapowashwa. Sogeza mwanzo nyuma, hadi mgodini na kiwandani, na picha inabadilika. Ripoti za Apple zenyewe kuhusu simu zake zinaonyesha kuwa karibu asilimia 80 ya unyayo wa simu moja hutokana na kuitengeneza, kabla mnunuzi hajafungua boksi. Tena huko mgodini Kiswahili kipo. Kobalti ya betri nyingi inachimbwa Kolwezi na maeneo jirani ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nchi inayotoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti yote duniani, na wachimbaji wa huko huzungumza Kiswahili. Mwisho wa safari nao ni mbaya: mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na ni asilimia 22.3 tu zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo.

Ndiyo maana namheshimu fundi simu wa Kariakoo, Dar es Salaam, au River Road, Nairobi, kuliko kampeni yoyote ya kufuta baruapepe za zamani. Analainisha gundi ya mfuniko kwa joto la kiasi, anapenyeza kadi nyembamba pembeni, anang’oa betri lililovimba kama andazi na kuweka jipya. Simu iliyokuwa ikizima saa sita mchana inarudi kushinda na chaji hadi usiku. Kila mwaka unaoongezwa namna hiyo ni mwaka mmoja wa kutonunua simu nyingine.

Kwenye matumizi ya kila siku, hatua zinazofaa ni zilezile zinazookoa bando: kushusha ubora wa video kwenye kioo kidogo, kuzuia WhatsApp isipakue yenyewe kila video ya “habari za asubuhi”, na kutumia Wi-Fi ya nyumbani inapopatikana, kwa sababu kwa kila gigabaiti mtandao wa simu kwa kawaida hula umeme zaidi kuliko intaneti ya waya. Ambako gridi haijafika, minara mingi bado inategemea jenereta za dizeli, na huko kila kilichopunguzwa kina uzito.

Vituo vya data si vya kusamehewa. Mwaka 2024 vilitumia takriban asilimia 1.5 ya umeme wote duniani, na nchini Ireland pekee vilifikia asilimia 21 ya umeme wa nchi mwaka 2023. Hilo mtumiaji hawezi kulitatua kwa kidole. Linahitaji serikali kuuliza, kabla ya kutoa kibali, umeme utatoka wapi: mvuke wa ardhini wa Olkaria, Kenya, hauna unyayo sawa na jenereta ya dizeli.

Nawaomba wahariri na watunzi wa vitabu vya shule watumie unyayo wa kaboni bila kusita. Wakitoa takwimu yake, waseme pia kama kutengeneza kifaa kumehesabiwa. Nawe msomaji, simu yako ikianza kuchoka, mpelekee fundi abadilishe betri kabla hujaenda dukani.