Diwani ya Gerezani na Jukwaa la Kamirithu

Mwishoni mwa mwaka 1968, Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa aliyekuwa mfuasi wa chama cha upinzani cha KPU, aliandika waraka alioupa jina la "Kenya: Twendapi?", na kwa kuthubutu kuisaili serikali ya Rais Jomo Kenyatta juu ya dhuluma zake, akatiwa mbaroni, akashtakiwa kwa uchochezi, na mwaka 1969 akahukumiwa kifungo cha miaka 3.

Muda mwingi alitengwa na wafungwa wenziwe; lakini madhali shairi letu, kwa vina na mizani yake, hukaa kifuani kabla ya kukaa karatasini, hakuacha kutunga kwa Kimvita chake fasaha, lahaja ya Mombasa, akiyaandika mashairi kwa siri juu ya karatasi za msalani, nayo yakatolewa nje kwa siri vilevile. Miongoni mwayo limo "Mamba", ambamo mtawala anasemwa kwa sura ya mnyama wa mtoni. Wala si ajabu, kwani tangu enzi za mshairi Muyaka bin Haji, malenga wa Mvita amelelewa katika mafumbo, na anayemkataza kunena wazi humsukuma tu katika fani aliyokwisha kuihodhi. Mwaka 1973 tungo hizo zilichapwa katika diwani ya Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata zikapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, yenye jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga mtunzi.

Tamthilia haina maficho ya namna hiyo, kwani yahitaji uwanja, watu na idhini. Mwaka 1977, wakulima na vibarua wa Kamirithu, karibu na Limuru, waliigiza Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩrĩĩ, kwa Kikuyu, lugha yao wenyewe, katika ukumbi wa wazi walioujenga kwa mikono yao. Haikutimia miezi miwili, kibali kikafutwa, na siku ya mwisho wa mwaka Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa, akawekwa kizuizini takriban mwaka mzima pasipo kufikishwa mbele ya hakimu. Mwaka 1982 polisi waliubomoa ukumbi wenyewe.

Kwa hiyo, naona kwamba silaha kali kuliko gereza ni kibali, ambacho huizima sanaa kimyakimya kabla haijasikiwa. Na kila mwenye kuutetea uhuru wa wasanii, na aanze kudai kwamba tamthilia isiombewe ruhusa ya dola.