Visu vya Bwana Busch

Mwenye baa wa Marekani aliyetembelewa na Adolphus Busch mwishoni mwa karne ya 19 aliweza kubaki na zawadi isiyotupwa ovyo. Wakati wafanyabiashara wengine wakigawa kadi za karatasi, tajiri huyo wa bia kutoka St. Louis, jimbo la Missouri, aligawa visu vya kukunja. Kisu chenyewe kilikuwa kidogo, cha kukaa mfuko wa kizibao, na kilibeba jina la kampuni yake, Anheuser-Busch. Ukikifungua unakuta bapa la kukatia na parafujo ya kung'olea kizibo. Kwenye mpini kulikuwa na kitundu ambacho asiyeambiwa asingekiona. Ukifumba jicho moja, ukalisogeza la pili hadi likaribie kugusa mpini, kisha ukaelekeza kisu kwenye mwanga wa dirisha, humo ndani unakutana na Busch mwenyewe, ndevu na yote, anakutazama.

Ufundi huo wa picha ulitoka Paris. Mwaka 1859 René Dagron alipata hataza ya kifaa kidogo cha kutazamia picha. Kilikuwa kijiti cha kioo chenye urefu wa milimita chache tu, ncha yake moja ikiwa ya mviringo na nyingine bapa. Kwenye ncha bapa aligandisha picha ya upana wa milimita moja hivi, na ile ya mviringo ikafanya kazi ya lenzi ya kukuza. Dagron huyohuyo ndiye aliyepunguza maelfu ya barua zikaenea kwenye utando mwembamba, zikafungwa kwenye mikia ya njiwa na kurushwa kuingia Paris, jeshi la Prussia lilipouzingira mji huo mwaka 1870 na 1871. Vita vilipokwisha vijiti vyake viliendelea kutiwa kwenye pete, kalamu, tasbihi na mipini ya visu.

Wanaokusanya visu hivi leo husifu ile picha kuliko kitu kingine. Mimi naona hadithi kubwa zaidi imo kwenye parafujo. Kwa nini mtu wa bia agawe kizibuo cha aina tunayoihusisha na mvinyo?

Kwa sababu wakati ule chupa ya bia ilizibwa kwa gome. Kizibo chake kilichongwa kutoka kwenye gome la mwaloni wa Ureno na Hispania, kikashindiliwa kwenye mdomo wa chupa na mara nyingi kufungwa kwa waya, maana gesi ya bia haikubali kufungiwa kirahisi. Chupa ya namna hiyo huifungui kwa meno. Aliyenunua bia bila kuwa na parafujo alikuwa amenunua kiu.

Busch alilijua hilo vizuri. Alizaliwa mwaka 1839 huko Kastel, ng'ambo ya mto Rhine kutoka Mainz, akiwa mtoto wa 21 kati ya 22. Alihamia Marekani mwaka 1857, na mwaka 1861 akamwoa Lilly, binti wa Eberhard Anheuser aliyekuwa na kiwanda cha bia St. Louis. Mkwewe alikuwa hodari wa kutengeneza sabuni kuliko bia, na haikuchukua muda mrefu usukani ukawa mikononi mwa Busch. Wapika bia wengi wa zama zile waliuza mapipa kwa mji wao na vitongoji vyake, kwani bia ya pipa iliharibika njiani. Yeye alitaka nchi nzima. Alichukua njia ya Louis Pasteur ya kupasha kinywaji moto ili kuua vijidudu, akaitumia kwenye bia ya chupa, akaisafirisha kwa mabehewa ya reli yaliyopozwa kwa barafu. Budweiser, iliyoanza kuuzwa mwaka 1876, ilipanda mabehewa hayo.

Kisu kilikuwa kiungo cha mwisho cha safari hiyo. Treni ilifikisha chupa mbali na kiwanda, lakini kati ya chupa na bilauri bado palikuwa na kizibo, na aliyekuwa na kisu cha Busch mfukoni alikuwa na njia. Kila alipokitoa mbele ya wenzake, jina la bia lilionekana. Huyu mtu hakuwa na mzaha katika kujitangaza. Mwaka 1896 kampuni yake ilisambaza kwenye baa za Marekani picha kubwa ya rangi ya kifo cha Jenerali Custer, nayo ikaning'inizwa ukutani miaka na miaka.

Parafujo kuingia kwenye kisu cha kukunja haikuwa akili ya Wamarekani peke yao. Kusini mwa Ufaransa, kwenye nyanda za juu za Aubrac katika mkoa wa Aveyron, kuna kijiji kiitwacho Laguiole. Wafugaji wa huko walikuwa na kisu chembamba cha kukunja, ambacho wahunzi wa kijiji walianza kukifua mnamo mwaka 1829. Mnamo mwaka 1840 kikaongezewa maharazi, chuma chembamba chenye ncha cha kutoboa ngozi ya hatamu, na hata tumbo la ng'ombe aliyevimba kwa gesi. Parafujo ilikuja mwaka 1880 hivi, na chanzo chake ni umaskini. Baridi ya Aubrac haikulisha watu wote, kwa hiyo vijana wa Aveyron wakahamia Paris. Huko walibeba maji na kuuza makaa, kisha wakafungua vijiduka ambavyo upande mmoja viliuza makaa na upande wa pili glasi za mvinyo. Waliporudi kwao kusalimia, walirudi na haja mpya, na mhunzi akaitimiza.

Watoto wa makaa hao ndio waliokuja kumiliki sehemu kubwa ya mikahawa ya Paris. Mwaka 1920 Marcellin Cazes, mzaliwa wa Aveyron, alinunua Brasserie Lipp, nyumba ya bia iliyoanzishwa mwaka 1880 na Léonard Lipp kutoka Alsace. Waandishi na wanasiasa wakaifanya baraza lao.

Ujerumani nako hakukulala. Mwaka 1882 Carl Wienke wa Rostock alipata hataza ya kizibuo cha kukunjika chenye mkono wa kuegemea kwenye mdomo wa chupa, ili kizibo kitoke kwa wenzo badala ya misuli. Mhudumu yeyote wa hoteli anayevaa aproni leo, awe Paris au Zanzibar, ana kizazi cha kifaa hicho mfukoni, na kwa kawaida kina kijisu cha kukatia karatasi ya shingoni mwa chupa.

Kisu cha Uswisi kinachojulikana dunia nzima kilipita njia yake. Karl Elsener, aliyefungua karakana Ibach mwaka 1884, alianza kulipelekea jeshi visu mwaka 1891. Kisu cha askari kilikuwa na bapa, maharazi, kifungua makopo na bisibisi. Cha kuzibulia chupa hakikuwamo. Mwaka 1897 Elsener alisajili kisu chepesi zaidi, alichokiita cha maofisa, na ndani yake akatia parafujo. Jeshi halikukichukua rasmi, ila maofisa walikinunua kwa fedha zao.

Basi katika miaka hiyohiyo ambayo parafujo ilikuwa imeshika nafasi yake mgongoni mwa kisu, mtu mmoja wa Baltimore aliikatia riziki. William Painter alipata hataza ya kizibo cha bati mwaka 1892. Ni kile tunachokijua sote: kisahani chenye meno pembeni, 24 wakati ule na 21 siku hizi, kilichobanwa kwenye mdomo wa chupa kwa mashine. Ndani yake Painter aliweka duara jembamba la gome, hivyo gome halikutoweka bali lilipungua hadi kuwa utando. Kizibo kilikuwa cha bei ndogo, kilizuia gesi, na kilitumika mara moja tu. Miaka miwili baadaye akapata hataza ya kifungulio chake.

Painter aliipenda sana fikra ya kitu cha kutumia na kutupa. Alimshauri mmoja wa wauzaji wa kampuni yake abuni bidhaa ya namna hiyo, ambayo mteja ataimaliza na kurudi kununua nyingine. Muuzaji huyo aliitwa King Gillette. Wembe wa kubadilisha uliotokana na ushauri ule ulipata hataza mwaka 1904. Kwa hiyo kizibo cha bia kilichoiondoa parafujo kwenye visu ndicho kilichochochea uvumbuzi uliosogeza kando wembe wa kukunja wa kunyolea ndevu.

Visu vikafuata mdomo wa chupa. Kisu cha kambi cha Kimarekani kikawa na bisibisi yenye pengo ubavuni: ncha unakazia skrubu, pengo unang'olea kizibo. Kampuni za bia na za soda, Coca-Cola ikiwemo, ziligawa visu vya matangazo vyenye kifungulio. Busch alifariki Ujerumani Oktoba 1913, kwa hiyo hakushuhudia Marekani ikipiga marufuku pombe kuanzia mwaka 1920 hadi 1933. Kampuni yake ilijikimu kwa hamira, aiskrimu na vinywaji visivyolevya. Uswisi nao wakaja kukubali: kisu cha askari cha mwaka 1961, chenye mpini wa alumini, kina kifungulio cha vizibo vya bati. Parafujo bado hakina.

Kopo likaongeza pigo. Bia ya kwanza ya kopo iliuzwa Richmond, Virginia, Januari 1935, na ilihitaji chuma cha kutoboa. Lakini katika miaka ya 1960 Ermal Fraze wa Ohio alipata hataza ya kopo lenye kikonyo cha kuvuta, na kidole kikatosha.

Afrika Mashariki tuliingia katikati ya hadithi. Kenya Breweries ilianzishwa mwaka 1922 na ndugu wawili, George na Charles Hurst. George aliuawa na tembo mwaka uliofuata akiwa mawindoni, na ndiko jina la bia yao ya Tusker lilikotoka. Bia yetu ya viwandani, basi, ilizaliwa zama za kizibo cha bati, na kisu cha kukunja hakikuwahi kuoana nayo. Baa inayo opena yake, na ikipotea kuna meno, kiberiti cha gesi au chupa nyingine. Vizibo vyenyewe tulivipa maisha ambayo Painter hakuyawazia: watoto wanajifunzia kuhesabu, na vijiwe vizima vinachezea drafti, upande mmoja umevilaza kifudifudi na wa pili chali. Kisu kilichojuana na kinywaji kwetu ni cha zamani zaidi, nacho ni kotama ya mgema. Hakikunjiki wala hakifungui chupa. Kazi yake ni kukata karara juu ya mnazi, asubuhi na jioni, na bila makali yake hakuna tembo.

Ningependa mwenye kisu kizuri cha zamani asikate tamaa, maana ipo bia inayomhitaji bado. Ubelgiji, kwenye bonde la mto Senne na mjini Brussels, wapika bia wa lambiki huacha uji wao upoe kwenye sinia kubwa za chuma chini ya paa, hamira ya hewani iingie yenyewe. Bia hiyo hukaa kwenye mapipa ya mbao hadi miaka mitatu. Kisha changa na kongwe huchanganywa na kutiwa kwenye chupa nene, ambamo huumuka mara ya pili na kuwa gueuze. Gesi yake ni kali kiasi kwamba kiwanda cha Cantillon, kilichoanzishwa Brussels mwaka 1900, huziba chupa zake kubwa mara mbili: gome kwanza, halafu bati juu yake. Kuifungua unaanza na pengo la Painter, kisha unazungusha parafujo ya Busch.