Turmalini na Hukumu ya Macho

Kwa karne nyingi turmalini ilivaliwa, ikauzwa na kugombewa pasipo kujulikana kwa jina lake, na sababu kubwa ilikuwa rangi. Mwaka 1674 Fernão Dias Pais aliondoka São Paulo kutafuta zumaridi katika maeneo ya ndani ya Brazil; alifariki mwaka 1681 akiamini amezipata, kumbe mawe yake ya kijani yalikuwa turmalini. Mwaka 1777 Mfalme Gustav wa Tatu wa Sweden alimzawadia Malkia Catherine wa Urusi jiwe kubwa jekundu lililosifiwa kuwa rubi. Nalo baadaye likathibitika kuwa turmalini. Watu hao hawakuwa wajinga. Walifuata kanuni ya zama zao, iliyohesabu jiwe la kijani kuwa zumaridi na jekundu kuwa rubi. Turmalini, inayopatikana katika karibu kila rangi, ikabaki imetawanyika chini ya majina ya wengine. Historia hiyo inatufundisha kwamba rangi ni shahidi asiyetosha, na anayeitegemea peke yake hupata hasara hata leo.

Kilichoipa turmalini utambulisho wake ni tabia isiyohusiana na rangi. Mwanzoni mwa karne ya 18, Waholanzi walioleta mawe haya kutoka Sri Lanka waliona kuwa yakipashwa moto huvuta majivu, wakayatumia kusafishia viko vyao. Mwaka 1756 mwanafizikia Franz Aepinus alieleza kuwa nguvu ile ni umeme: jiwe likipata joto, ncha moja huwa na chaji chanya na nyingine hasi. Kemia ilikuja kueleza yaliyosalia. Umbo la ndani la turmalini limejengwa kwa boroni, silika na aluminiamu, na lina nafasi zinazopokea metali nyingine. Manganizi huleta waridi na wekundu. Chuma huleta kijani, buluu na hata weusi. Shaba huleta buluu inayong'aa mno. Fuwele inapokua ndani ya mwamba, kimiminika kinachoilisha hubadilika, kwa hiyo fuwele moja huweza kuwa ya waridi katikati na kijani pembeni, kama tikiti maji. Tena, jiwe lilelile huonekana limekolea zaidi likitazamwa kwa urefu wake kuliko kwa ubavu.

Wapo watakaosema kuwa mnunuzi hulipia rangi, hayo mengine ni ya wasomi. Hoja hiyo ina uzito. Cixi, mtawala wa China, alipenda mno turmalini ya waridi, na migodi ya San Diego huko California ikastawi kwa soko hilo, kisha ikaanguka utawala wa Qing wa China ulipokoma mwaka 1912. Lakini tazama yaliyofuata. Turmalini ya shaba iliyopatikana Paraíba, Brazil, katika miaka ya 1980 ilipanda bei kupita turmalini nyingine zote. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Msumbiji nayo ilitoa mawe ya aina hiyo, na baadhi yaliuzwa kama turmalini za kawaida kabla ya maabara kuonyesha kuwa yana shaba. Rangi ilimvuta mnunuzi, lakini bei ilipangwa na aliyejua kilichomo.

Wengine watasema vipimo ni vya matajiri. Maabara kubwa ni ghali, kweli. Ila kifaa cha mkononi kinachopima jinsi nuru inavyopinda ndani ya jiwe hutenganisha kijani na kijani mara moja: turmalini husoma takriban 1.62 hadi 1.64, zumaridi takriban 1.57 hadi 1.58. Tanzania na Kenya zina turmalini ya kijani kilichokolea, inayopewa rangi na vanadi na kromi, na wanaoichimba wengi ni wachimbaji wadogo. Vyama vyao na wizara za madini ziweke vifaa hivyo, pamoja na watu wa kuvitumia, karibu na machimbo. Mchimbaji ajue alichonacho kabla dalali hajamtajia bei.