2,385,572

Nambari hii ni shufwa. Igawe kwa 4, kisha kwa 7, unabaki na 85,199, ambayo ni tasa. Haigawanyiki tena hata ukeshe. (Nilikesha. Nilijaribu kwa kalamu nyuma ya risiti za duka letu la vitambaa hapa Isilii, biashara ikiwa imelala.) Ndiyo idadi ya Wasomali wa Kenya iliyotoka kwenye sensa ya Agosti 2009.

Matokeo yalisomwa tarehe 31 Agosti 2010. Waziri wa Mipango, Wycliffe Oparanya, alisema Kenya ina watu 38,610,097. Papo hapo akafuta hesabu ya wilaya nane: Lagdera, Wajir Mashariki, tatu za Mandera na tatu za Turkana. Dukani wazee wakaacha chai ipoe. Sisi wa Nairobi tulikuwa tumehesabika. Jamaa zetu wa Mandera, je?

Sababu iliyotolewa ilikuwa ya hesabu, na si ya kupuuzwa. Mkoa wa Kaskazini Mashariki ulikuwa na watu 962,143 mwaka 1999. Mwaka 2009 wakawa 2,310,757. Hiyo ni mara 2.4 kwa miaka kumi, yaani zaidi ya asilimia 9 kila mwaka, wakati nchi nzima ilikua kwa 3. Kwa mwendo huo watu wanaongezeka maradufu kila miaka minane. Kuzaa peke yake hakufiki hapo, tusidanganyane. Mpaka uko karibu, na Dadaab iko hapo hapo.

Lakini bana, kugawa kunataka nambari mbili. Ya juu ilishukiwa. Ya chini ikaachwa kama ilivyo. Tuseme makarani wa 1999 hawakuwafikia wafugaji wengi, na watu walikuwa kama 1,500,000. Basi ukuaji unashuka hadi asilimia 4.4 tu. Nambari ile ile ya juu, na kashfa inapungua nusu.

Na haukuwa ubishi wa daftari. Katiba mpya ilikuwa na siku nne tangu izinduliwe, nayo ilitaka maeneo bunge 290. Gawa 38,610,097 kwa 290: kila eneo linapata watu 133,138, na 77 wanabaki bila pa kukaa. Sasa chukua tofauti ya 1999 na 2009 kule Kaskazini Mashariki, watu 1,348,614, uigawe kwa hiyo 133,138. Unapata kumi na kidogo. Wabunge kumi! Ndiyo maana kila mtu alishika kikokotoo.

Sensa ya 2019 ilizipa Garissa, Wajir na Mandera jumla ya watu 2,490,073. Hayo pia yakaishia mahakamani. Ila ukiruka 2009 kabisa, ukatoka 1999 moja kwa moja hadi 2019, ukuaji ni karibu asilimia 4.9 kwa mwaka. Nimeipiga mara tatu. Risiti zimeisha, na mteja anauliza bei ya dira.