Kubadilisha amortisa na resori nyumbani: kriki peke yake haitoshi

Vumbi nyekundu, mashimo na mizigo mizito: barabara za Kambove zinamaliza amortisa mbio. Kama inavuja mafuta, ao jeep inaendelea kuruka-ruka kisha kupita shimo, badilisha zote mbili, kushoto na kuume.

Tuchukue Land Cruiser 79, ile pick-up ya migodi. Tangu 1999 mbele iko na resori ya kuzunguka, nyuma iko na lami. Ukiinua gari, weka shasi juu ya chandeli ao mbao nene. Matofali hapana, inapasuka bila kuonya. Kriki ibakie chini ya ponti, ule muti wa chuma unaoshika magurudumu, sababu ukifungua amortisa ponti inashuka na inaweza kukata mupira wa freni. Ishushe polepole mpaka resori ilegee.

Boloni zenye kupita ndani ya mipira usizikaze kabisa gari ikiwa juu. Shusha kwanza, uzito ukae chini, ndipo ukaze. Bila hivyo mipira inajipinda na kupasuka mapema. Boloni za U zenye kushika lami, uzirudilie kisha siku chache.

Gari ndogo, zile resori imefungwa juu ya amortisa yenyewe, mimi nasema peleka kwa fundi mwenye chombo cha kuibana. Resori hiyo ikiruka inaweza kuua mtu.