Taa Inayopepesa kama Hati: Misimbo ya Hitilafu kwenye Pikipiki Iliyogeuzwa ya Magurudumu Matatu

Sisi wa historia tunafundishwa tangu mwaka wa kwanza kwamba hati haijisomi. Husomwa na mtu anayejua nani aliiandika, kwa ajili ya nani na katika hali gani. Katika insha hii ninaipeleka kanuni hiyo kwenye hati isiyohifadhiwa katika maktaba yoyote: taa ndogo ya hitilafu kwenye dashibodi ya pikipiki. Mfano wangu ni Honda Gold Wing iliyogeuzwa kuwa ya magurudumu matatu, ambayo Wamarekani huiita traiki. Nimeichagua kwa sababu mwili wake umebadilishwa ilhali kompyuta yake bado inaamini ni pikipiki ya kawaida.

Magurudumu matatu yenyewe si jambo jipya Marekani. Harley-Davidson ilitengeneza Servi-Car kuanzia 1932 hadi 1973, ikatumiwa na polisi wa maegesho na gereji zilizofuata magari ya wateja. Lakini Servi-Car ilizaliwa hivyo. Traiki ninayoizungumzia ilizaliwa na magurudumu mawili, kisha fundi akafungua sehemu ya nyuma na kufunga ekseli yenye difu na magurudumu mawili. Wateja wake wengi ni watu wazima ambao magoti yamechoka lakini hawataki kuacha safari. Gold Wing ya miaka ya 2000 ina uzito wa zaidi ya kilo 350, na kuishikilia kwa miguu penye taa za barabarani si mchezo.

Misimbo nayo ina asili yake, na asili hiyo ni ya kisiasa kuliko ya kifundi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 General Motors ilikuwa tayari na magari yaliyopepesa namba kwa taa ya injini. Sheria ya California ndiyo iliyoufanya mfumo wa gari kujichunguza kuwa lazima, kuanzia magari ya 1988, na mwaka 1996 mfumo wa pamoja ukawa wa lazima kwa magari yote mapya ya abiria Marekani. Sababu ilikuwa moshi. Serikali ilitaka gari lijishtaki lenyewe. Pikipiki ziliachwa nje, kila mtengenezaji akabaki na lugha yake, hadi Ulaya ilipoanza kuzibana kwa kanuni za Euro 4 mwaka 2016.

Gold Wing haikuifuata njia hii kwa mstari ulionyooka. Ilianza 1975 ikiwa na kabureta. Mwaka 1985 likatoka toleo maalumu lenye mfumo wa kupuliza mafuta unaoongozwa na kompyuta, lakini ile ya silinda sita ya 1988 ikarudi kwenye kabureta. Ni mwaka 2001 ndipo mfumo wa kompyuta ulipotulia. Wanaodhani teknolojia husonga mbele tu wangefanya vyema kuiangalia miaka hiyo 13.

Kusoma ni kuhesabu. Kwenye pikipiki nyingi za Honda za kizazi hicho, mpepeso mrefu ni kumi na mfupi ni moja. Mifupi saba ni kihisi cha joto la maji ya kupozea injini. Mrefu mmoja na mfupi mmoja ni 11, kihisi cha mwendo. Lakini kuna sharti: taa hupepesa pale stendi ya pembeni inapokuwa chini na injini imezimwa au inazunguka taratibu. Stendi ikiwa juu, taa huwaka tu bila kupepesa.

Sasa, traiki ina haja gani na stendi? Haiwezi kuanguka. Kinachohitajika ni breki ya kuegeshea. Kwa hiyo mara nyingi stendi huondolewa, na nyaya za swichi yake huunganishwa ili kompyuta iamini kwamba stendi iko juu daima. Bila hivyo injini ingezimika kila gia inapoingizwa. Matokeo yake, taa inaweza kuwaka kuonyesha kuna tatizo lakini isiweze kusema ni lipi. Ili kuifungua kinywa, fundi anatakiwa kuzitenganisha tena nyaya zile, yaani kuidanganya kompyuta kwamba stendi iliyotupwa zamani imeshushwa.

Hata ikisema, haisemi kile wengi wanachodhani. Namba 11 haimaanishi kihisi kimekufa. Inamaanisha kompyuta haikupata ishara iliyoitarajia. Kwenye traiki huenda waya ulibanwa sehemu ya nyuma ilipofungwa, au ethi haikukazwa vizuri. Anayekimbilia kununua kihisi kipya ameisoma hati bila kuuliza mazingira yake, na fedha zake zimekwenda. Mbaya zaidi ni anayefuta misimbo kabla ya kuiandika. Kompyuta huihifadhi hata swichi ikizimwa, kwa hiyo kuifuta mapema ni sawa na kuchoma jalada kisha kuanza utafiti.

Wenzangu kadhaa walisema hapa ndipo masimulizi ya mdomo yaliposhindwa na maandishi. Kwetu Kampala, fundi wa boda boda zenye kabureta hana msimbo wa kusoma. Humhoji dereva, husikiliza mlio, hutoa plagi akatazama rangi yake. Wao wanaiona hiyo kuwa hatua ya nyuma. Mimi sikubali, na traiki ndiyo ushahidi wangu. Honda ilichapa kitabu cha mafundi cha pikipiki ya magurudumu mawili. Aliyeifungua nyuma, mara nyingi, hakuacha hata mchoro wa nyaya. Swichi ya stendi ilifungwa vipi, kihisi kilihamishiwa wapi, ethi ilikazwa kwenye chuma gani: hayo hayamo kitabuni wala kwenye taa. Yamo kichwani mwa mtu. Na ikiwa mwenye mashine aliinunua ikiwa imeshageuzwa, itabidi amtafute aliyemuuzia, na kupitia kwake yule fundi wa kwanza, kabla ya kuanza kuhesabu mipepeso.